Ukimsalimu Babu Yako Jukwaani

Mwanangu Minza,

Jioni hii ulipoingia kutoka nyuma ya nyumba, vumbi miguuni na njuga mkononi, ulinipita hapa sebuleni ukasema, "Wabeja, baba." Macho yako yalikuwa na maji, lakini ulikuwa unacheka. Mimi nikatikisa kichwa kama mtu anayestahili shukrani, kisha nikainama kutafuta kandambili ambazo nilikuwa nimezivaa.

Kwa sababu ya hiyo "wabeja" sijalala. Ulinishukuru kwa jambo fulani, na jambo hilo siwezi kukueleza mpaka kwanza nikueleze mengine, la sivyo utafika Dar es Salaam ukidhani baba yako ameanza kuchanganyikiwa. Basi soma taratibu. Soma ukiwa ndani ya basi, umekaa dirishani, jua likiwa limetoka. Usisubiri usiku.

Maagizo ya kila siku sikupi. Mama yako amekwisha kuyatoa yote, na mengine ameyarudia. Michembe ya viazi iko kwenye mfuko wa bluu, karanga kwenye ndoo, shangazi yako atakupokea standi. Nimemsikia akikwambia usikubali kubebewa mzigo na mtu anayetabasamu kupita kiasi. Hayo yanatosha kukufikisha. Mimi nataka kusema juu ya siku watakayokusimamisha jukwaani na kuzima taa za ukumbi.

Unajua kwamba niliwahi kufanya kazi katika jumba hilo la Dar unakokwenda. Hujui kwa nini niliondoka. Uliporudi kutoka Geita na habari kwamba wageni waliowatazama mkicheza uwanjani wamekuchagua uende kujifunza na kucheza katika Jumba la Sanaa, mama yako alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna posa. Mimi nilitoka nje kuangalia kama lango limefungwa. Ulidhani sikufurahi. Nilifurahi, mwanangu. Tatizo ni kwamba mimi woga hunifikia kabla ya furaha, na huketi kwenye kiti cha furaha.

Nimekuwa hivyo tangu utoto. Shuleni niligundua kwamba mwalimu akiuliza swali nawe ukainamisha kichwa, mara nyingi fimbo humwangukia aliyejibu vibaya. Nikajifunza kuinamisha kichwa. Nilipoanza kazi nikaona ni vilevile: karani asiyejibu haraka hakosei haraka. Bado sijafika miaka arobaini na wazee wa ofisini huniita kijana, lakini nimekwisha kupandishwa cheo, na ukitazama vizuri utaona nilipandishwa kwa kunyamaza. Nimekula kwa kunyamaza, nimekusomesha kwa kunyamaza. Sisemi hivi ili unionee huruma. Nataka tu ujue ni mtu wa namna gani aliyekuwa amesimama mlangoni siku ile nitakayokusimulia.

Kwa babu yako ngoma haikuanza kwa ngoma, ilianza kwa salamu. Wewe umekulia humo, lakini acha nikuonyeshe ilivyoonekana kwa macho ya mtu aliyeiogopa. Manju, kiongozi wa ngoma, akiingia uwanjani hagusi ngoma wala jembe la kuchezea. Anasimama, anamwita yule aliyemfundisha, hata kama alikwisha kufa zamani. Babu yako, manju Luhende, alifundishwa na mzee Ng'wandu, basi aliita, "Ng'wandu, mhola?" Ng'wandu, ni salama? Na mtu wa damu ya manju, mtoto wake akiwapo, anaitikia kutoka katikati ya watu kwa niaba ya marehemu: "Mhola duhu." Salama tu. Hapo ndipo ngoma inapigwa. Bila hivyo hachezi. Wa kundi pinzani walikuwa wakitucheka: "Watu wa Luhende bwana, mpaka wapige simu kwanza!"

Kazi ya kuitikia ilikuwa yangu, nami niliichukia. Nilikuwa najificha nyuma ya mama zangu, nyuma ya baiskeli, mara moja ndani ya kihenge cha mtama. Watu walikuwa wakinitafuta huku wanacheka, wakinisukuma mbele: "Masele, mwitikie mzee, tunachelewa kucheza!" Nilikuwa naitikia kwa sauti ya kifaranga. Nilipokwenda sekondari nikapata kisingizio, na baada ya hapo aliitikia yeyote aliyekuwapo, binamu au mjomba. Babu yako hakuwahi kunilaumu. Alikuwa tu kila akiita ananitafuta kwa macho kwanza, hata siku ambazo alijua niko mbali.

Ulipokuwa darasa la tano, ukiishi naye kijijini kule karibu na Tinde, mimi nilikuwa Dar, karani wa viti katika Jumba la Sanaa. Lilikuwa jipya, bado linanuka rangi. Kwa nje ni vioo vitupu, unajiona mwenyewe unakuja. Ndani ukumbi umevikwa mbao na vitambaa ukutani ili sauti isirudi. Siku yangu ya kwanza nilipiga kofi moja katikati ya ukumbi mtupu, na kofi likafia mikononi mwangu. Fundi wa taa, Sefu, Mzaramo mwenye maneno mengi, aliniambia, "Humu hata ukikohoa, kikohozi hakirudi kwao." Kazi yangu ilikuwa kupanga nani akae wapi, na kuwaongoza wageni gizani kwa tochi ndogo. Niliipenda. Ni kazi ya mtu asiyetaka kuonekana.

Kisha meneja akasema kikaoni kwamba wamealika kikundi cha Wasukuma, cha mzee Luhende. Akaniuliza kama namfahamu. Nilijibu, "Ni mzee wa kwetu." Ulikuwa ukweli, lakini ukweli uliokatwa miguu. Sikusema ni baba yangu. Kwa nini? Sijui nikwambieje. Pale wote walikuwa wakiongea kwa wepesi, wana viatu safi, na mimi nilikuwa nimetumia miaka kuondoa Tinde kwenye ulimi wangu.

Nilikuja kijijini likizo fupi nikamtahadharisha babu yako. Ulikuwapo, ulikuwa unabangua karanga mlangoni.

"Baba, kule ukumbini watu hawaitikii," nilimwambia. "Wanakaa kimya. Taa zinazimwa, unawashiwa wewe peke yako."

"Wao wanakaa gizani?"

"Ndiyo."

"Kimya?"

"Ndiyo, baba."

"Wanamtazama mtu mmoja aliyewashiwa taa." Akavuta ugoro, akapiga chafya, akafikiri. "Masele, hiyo si ngoma. Huo ni mkesha wa maiti."

Wewe ulicheka mpaka karanga zikamwagika. Naye akaendelea, maana alikuwa amezoea uwanja, ambako makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja na watu humfuata anayewavuta. "Na mtu akichoka na mimi, anahamia wapi?"

"Hahami, baba. Viti vimefungwa sakafuni. Anasubiri mpaka mwisho, halafu anapiga makofi."

"Maskini wa Mungu," alisema babu yako, na aliwahurumia kweli.

Babu yako na kikundi chake walifika Dar mchana, siku moja kabla ya onyesho, wakaingia ukumbini kufanya mazoezi. Sefu aliwapokea kwa utani wa makabila kama kawaida yake.

"Karibuni watani! Ng'ombe mmemwacha wapi?"

"Yuko nje," babu yako akamjibu. "Tulimwambia aingie, akasema humu ndani yuko shemeji yake Mzaramo, anamwonea haya."

Sefu alicheka mpaka akakaa chini. Wakapendana tangu hapo. Mimi nilisimama kwenye ngazi za jukwaa pamoja na wafanyakazi wenzangu, nikampa babu yako shikamoo kama mtu yeyote anavyompa mzee yeyote. Akanitazama. Akaitikia marahaba kama mzee yeyote.

Sasa sikiliza habari ya viti. Vina springi. Mtu akiinuka, kiti kinajikunja chenyewe, kinasimama wima. Ukumbi ukiwa mtupu unaviona safu kwa safu vimejikunja, kama vinywa vilivyofumbwa. Siku ile, katikati kabisa, kimoja kilikuwa kimelala. Kimefunguka, kama kinavyofunguka kikikaliwa.

"Masele, hebu kainue kile," Sefu alisema. "Springi imechoka."

Nilikwenda. Nilikiinua kwa mkono, kikapanda vizuri, kwa nguvu, springi nzima kabisa. Nikarudi kwenye ngazi. Nilipogeuka, kilikuwa kimelala tena. Sikwenda mara ya pili, na sikumwambia mtu.

Babu yako akasimama katikati ya jukwaa. Sefu akamwashia taa moja, akazima nyingine zote. Nje ilikuwa mchana wa jua la Dar, lami inayeyuka. Humu ndani ukawa usiku wa kutengenezwa. Babu yako akaita, "Ng'wandu, mhola?"

Nikainamisha kichwa.

Na kutoka vitini mtu akajibu, "Mhola duhu."

Hakupiga kelele. Ilikuwa sauti ya mtu anayeulizwa hali njiani akiwa amebeba mzigo, anajibu bila kusimama. Sefu alidhani ni mmoja wa wachezaji. Wachezaji walidhani ni mimi. Babu yako peke yake ndiye aliyekuwa akiutazama mdomo wangu.

"Ukumbi wenu una mwangwi," mpiga ngoma mmoja akasema.

"Humu hakuna mwangwi," alisema Sefu, na safari hii hakutania. Mimi nilikuwa nafikiria lingine. Mwangwi hurudisha swali. Haujibu.

Baada ya mazoezi babu yako alinipitia karibu, akasema kwa sauti ndogo, kwa Kisukuma ili wenzangu wasielewe, "Kesho kile kiti cha katikati mkiache wazi. Kina mtu. Na kesho uniitikie wewe. Sitaki aitike yeye. Akiitika marehemu badala ya aliye hai, aliyeita husogea hatua kuelekea upande wake. Umenisikia?"

Nilimwambia nimesikia. Kusikia hakunishindi.

Onyesho lilikuwa alasiri. Ukumbi ulijaa. Nilikuwa nimekiacha kile kiti, naapa, nilikuwa nimekiacha, mpaka meneja akanijia nyuma. "Masele, pale katikati pana pengo kama jino lililong'oka. Jaza." Na mlangoni alikuwa amefika mgeni aliyechelewa, bibi mmoja wa Kariakoo, Bi Zuhura, amevaa baibui, ananukia karafuu, anahema kwa ngazi. Nikawasha tochi. Nikamwongoza mpaka pale.

Nataka ujue nilichokuwa nawaza nikimwongoza, maana hapo ndipo kosa langu lilipo. Amri ya meneja ilikuwa kisingizio tu. Nilijiambia kwamba kiti kikikaliwa na mtu wa kweli, mwenye uzito na manukato, hapatakuwa na nafasi ya mwingine. Na mimi sitalazimika kuitikia chochote mbele ya meneja na wenzangu, maana jambo lenyewe litakuwa limekwisha. Nilimkalisha bibi wa watu pale kama mtu anavyoziba tundu la panya kwa tambara.

Sauti ikatangaza watu wakae kimya. Taa zikafa. Babu yako akaingia na njuga zake, akasimama kwenye ule mwanga.

"Ng'wandu, mhola?"

Nilikuwa mlangoni nyuma kabisa. Yale maneno mawili nilikuwa nayo mdomoni, Minza. Nilikuwa nayo. Meneja alikuwa amesimama kando yangu, ananukia sabuni, anatabasamu. Babu yako alingoja. Alingoja mpaka watu wakaanza kudhani ndivyo onyesho lilivyopangwa. Alikuwa anatazama kule nilipo ingawa haiwezekani alikuwa ananiona, maana mtu wa jukwaani haoni kitu zaidi ya weusi. Akaita tena. Sauti yake ilikuwa imeshuka kidogo, kama mtu anayegonga mlango wa mwanawe kwa mara ya pili.

Na Bi Zuhura akajibu, "Mhola duhu."

Kwa sauti yake mwenyewe, ya kike, ya kizee, lakini kwa lafudhi ya Tinde. Bibi wa Kariakoo ambaye, alivyoniambia baadaye, hajawahi kuvuka Morogoro.

Ngoma ikapigwa. Sijaona mtu akicheza vile, na sitaki kuona tena. Babu yako hakuwa na umri. Miguu ilikuwa inatua kabla ngoma haijaiambia itue. Ulifika ule wakati wa kurusha jembe, unaujua, akalirusha juu likapita mwanga likaingia kwenye giza la dari. Likachelewa. Watu hawakuona kwa sababu hawajui jembe huchukua muda gani kurudi. Mimi najua, nimelitazama tangu nikiwa mtoto. Lilichelewa kama vile kuna mtu huko juu alilidaka, akalipima mkononi, kisha akaliachia. Babu yako alilipokea bila kutazama juu.

Makofi yalikuwa mengi. Nilikwenda na tochi kumtoa Bi Zuhura.

"Mwanangu, nimesinzia?" aliniuliza.

"Kidogo, bibi."

"Aibu gani hii. Na mbona mdomoni nina ladha ya mtindi? Mimi maziwa sinywi tangu ujana wangu, tumbo langu halitaki." Akatafuta pipi ya tangawizi kwenye mkoba, akanipa na mimi moja. Akainuka, nikamshika mkono. Nyuma yake kiti hakikujikunja.

Babu yako nilimkuta nje, amekaa kwenye ukingo wa bustani, anafungua njuga. Jua lilikuwa bado liko juu, nikashangaa kuliona.

"Ulikuwa wapi?" aliniuliza.

"Mlangoni, baba."

"Nilikuwa nakuita wewe."

"Yule bibi aliitika."

"Yule bibi aliazimwa tu, masikini. Ng'wandu aliona aibu kwa niaba yako." Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alipangusa njuga moja moja kwa kitambaa, akaziweka kwenye mfuko. "Zamani nilidhani huitikii kwa sababu huamini. Leo nimeona unaamini kuliko mimi. Basi unaogopa nini, Masele? Wafu wanaogopewa na watu wasiowasalimia."

Nilimpa ile pipi ya tangawizi. Akaila.

Hakuingia uwanjani tena. Alirudi kijijini, nawe unakumbuka kuliko mimi jinsi alivyokuwa akikaa jioni anaitika wakati hakuna aliyemwita. Ulinisimulia kwenye simu ukicheka: "Babu anasema 'naam' peke yake." Mtama ulikuwa haujachanua tulipomzika. Daktari alisema moyo. Mzee wa miaka ile, jua lile, miguu ile, na mimi sina sababu ya kubishana na daktari. Lakini sijapata kulala vizuri nikifikiria ile hatua aliyoisema.

Kaburini mpiga ngoma wake mkubwa alisimama akaita, kama ilivyo ada, "Luhende, mhola?" Kwa mara ya kwanza jina la babu yako likawa upande wa wanaoitwa. Watu wote wakanigeukia. Udongo ulikuwa mkononi mwangu. Nikainamisha kichwa, Minza, hata pale. Na wewe, mtoto wa darasa la tano, sare ya shule imekubana mabegani, ukasema wazi, "Mhola duhu," ukaniangalia kama unaniuliza kama umekosea.

Hukukosea. Ulifanya kazi yangu. Niliacha kazi ya Jumba, nikaomba kazi ya ofisi huku, wakaniweka hapa Bugarama, jirani na mgodi. Nikakupeleka shule ya bweni Shinyanga, nikidhani bweni litakuvua njuga. Nilipokuona likizo unapiga hatua za babu yako jikoni huku unakoroga uji, nilikufokea kwa sababu ya uji. Haikuwa kwa sababu ya uji. Nisamehe kwa hilo, maana ulilia, na uji wenyewe haukuungua.

Sasa nifike kwenye jioni ya leo.

Baruti ya mgodini ilikuwa imekwisha kulia, vikombe vimetulia kabatini. Mama yako alikuwa amekwenda kwa jirani kutafuta kamba ya kufungia ndoo. Ulikwenda nyuma ya nyumba, ukaelekea ule mlima wa mawe ya mgodi ambao babu yako, alipouona zamani akipita huku kucheza, alikataa kuuita mlima; alisema mlima hauletwi na lori. Nilisikia njuga zikinyamaza. Nikajua unasimama. Nikajua utaita nani.

Nilikuwa peke yangu hapa sebuleni, kwenye kiti hiki, mgongo kwa korido. Na niliamua. Nakuomba uniamini hapo. Nilijiambia mtoto anaondoka kesho, hakuna meneja hapa, hakuna mtu, itikia. Nilifungua mdomo.

Ukaita, "Luhende, mhola?"

Na kabla sijatoa sauti, nyuma ya bega langu, humu ndani ya nyumba, mtu akasema, "Mhola duhu."

Ukapiga miguu. Ulicheza vizuri sana, nilikuona kupitia dirishani, nikiwa nimeshika ukuta. Kisha ukaingia ukaniambia wabeja. Watu husema sauti yangu ni ya babu yako mtupu, ndiyo maana hukushuku kitu. Lakini mwanangu, hakuwa mimi.

Nimejaribu kutafuta maelezo, ndiyo tabia yangu. Nilikagua vyumba. Redio ilikuwa imezimwa. Nilifikiria ule mlima wa mawe, labda unarudisha sauti, lakini nimekwisha kukwambia mwangwi haujibu. Nilifikiria kukuzuia usiondoke. Nilifika mpaka mlangoni kwako. Ulikuwa umelala, mfuko wa bluu umeukumbatia kama mtoto mchanga. Nikaona kwamba nikikuzuia itakuwa ni kuziba tundu kwa tambara mara ya pili. Hatari haimo ndani ya jumba lile wala kwenye giza lake. Babu yako alinieleza vizuri nami nikasikia bila kusikia: marehemu huitika pale aliye hai aliponyamaza. Yeye aliitikiwa na marehemu akasogea. Leo umeitikiwa wewe, mara moja, kwa sababu nilichelewa kwa pumzi moja. Sitaki usogee tena hata unyayo.

Kwa hiyo nimetoka nje sasa hivi, nimesimama pale pale uliposimama. Nimesema, "Mhola duhu." Nimesema kwa sauti, mbwa wa jirani akabweka, na mtu mmoja anayetoka zamu ya mgodini akauliza kutoka barabarani, "Mzee, ni salama?" Nikamwambia salama tu. Sauti ilikuwa inanitetemeka. Ni ya mtu ambaye hajaitumia. Lakini ilitoka, na niliporudi ndani nyumba ilikuwa nyumba.

Juzi uliniuliza kama nitakuja siku yako ya kwanza ya kupanda jukwaani, nikakujibu "tutaona." Hilo ni jibu la ofisini. Jibu langu ni kwamba nitakuja. Nitasafiri, nitaingia kwenye lile jumba la vioo, nitajiona nikija na sitageuka. Nitamwomba Sefu, kama bado yupo, anionyeshe kile kiti cha katikati. Nitakaa mimi. Sasa anayeitwa ni babu yako, basi mwenye nacho ni yeye: atanipisha, au tutakaa wote. Ni baba yangu, si mara ya kwanza kubanana naye.

Wewe ukisimama hutaniona. Utaona weusi tu, na watakuwa wamewaambia watu wakae kimya. Usiogope kimya chao, hawajafundishwa. Mwite babu yako kama alivyokufundisha. Halafu ngoja. Usipige mguu kwa kuitikiwa na sauti ya kwanza utakayoisikia, hata ikiwa nzuri, hata ikiwa imara. Mimi nitachelewa kidogo, unanijua. Ngoja mpaka unisikie.

Ukisikia sauti mbili, ile inayotetemeka ni yangu.

Baba yako,
Masele Luhende